Joto la gari la umeme hulipiwa kwa saa

Swali la msomaji:

"Fundi, habari za kazi. Mimi ni muuguzi, naishi nje kidogo ya Minneapolis na mume wangu na watoto wawili. Tunatafuta gari la umeme la mtumba na tumepata Tesla Model 3 mbili, moja ya 2020 na nyingine ya 2021. Zinakaribiana kwa kila kitu mpaka kilomita zilizotembea, ila ya 2021 imezidi kwa dola 2,400. Muuzaji anasema tofauti kubwa ni 'pampu ya joto', na kwamba bila hiyo baridi ya huku itanimalizia betri. Kazini kwangu ni kilomita 24, dakika 35 hivi, usiku nne kwa wiki, na gari hulala nje hospitalini saa 12. Nyumbani tuna gereji yenye soketi ya kawaida ya volti 120, na umeme tunalipa senti 15 kwa uniti. Desemba huwa tunakwenda Chicago kwa dada yangu. Je, niongeze hizo hela? Halafu mdogo wangu yuko Nairobi, anataka kuagiza Nissan Leaf kutoka Japani. Naye aitafute yenye pampu ya joto?"

Jibu:

Dada, kwa maelezo uliyonipa, mimi ningechukua ya 2020. Sehemu ya hizo dola 2,400 ningempa fundi umeme anivutie laini ya volti 240 mpaka gereji, na nyingine ningenunulia matairi ya theluji. Muuzaji hakukudanganya kuhusu kifaa chenyewe. Pampu ya joto ni kitu kizuri sana na mimi nimeipenda tangu siku ya kwanza nilipoifungua. Ila faida yake inakwenda kwa mtu anayeendesha tofauti na wewe, na naomba nikueleze mpaka uione mwenyewe, kwa sababu dola 2,400 ni zamu nyingi za usiku.

Tuanze na gari la petroli, maana ndilo tulilozoea. Injini ya petroli ni jiko linalotembea. Katika kila lita unayotia, robo mpaka theluthi hivi ndiyo inayozungusha magurudumu, na iliyobaki ni joto linalotokea kwenye ekzosi na rejeta. Ukiwasha hita unachota kidogo kutoka kwenye joto ambalo lingetupwa tu. Ndiyo maana sijawahi kusikia mtu akiuliza hita ya Corolla inakula mafuta kiasi gani. Mota ya umeme haina joto la kutupa kiasi hicho, kwani zaidi ya asilimia 90 ya umeme inaopewa hugeuka mwendo. Abiria wakitaka joto, lazima litengenezwe, na linatoka kwenye betri ileile inayosukuma gari.

Kuna njia mbili za kulitengeneza. Hita ya kawaida, ambayo ndiyo iliyomo kwenye ile ya 2020, ni ndugu wa pasi na birika la umeme. Umeme unapita mahali panapoubana, pale panapata moto, feni inapuliza hewa ndani. Kwenye magari hutumika vigae vidogo vya kauri ambavyo vikishapata moto wa kutosha huubana umeme vyenyewe, kwa hiyo haviungui. Uniti moja ya umeme inatoa uniti moja ya joto. (Nikisema uniti namaanisha ileile unayoijua kutoka kwenye LUKU au tokeni: kilowati moja ikitumika saa nzima.) Iwe nje kuna nyuzi 5 juu ya sifuri au 30 chini yake, hesabu haibadiliki, na dakika moja au mbili tu baada ya kuwasha unaanza kusikia uvuguvugu.

Pampu ya joto ni friji iliyogeuziwa mgongo. Mimi nilianza ufundi kwenye mafriji ya samaki kule Tanga, na kitu cha kwanza bwana aliyenifundisha alichoniambia nifanye ni kuweka kiganja nyuma ya friji. Pale nyuma ni pa moto, na ule moto friji haikuutengeneza: imeutoa kwenye samaki. Kompresa inaisukuma gesi izunguke. Gesi ikichemka inavuta joto, ikibanwa na kurudi kuwa maji inaliachia. Kwenye gari, badala ya samaki pana hewa ya nje. Hata hewa ya nyuzi 10 chini ya sifuri ina joto, maana baridi kamili kabisa iko mbali sana, nyuzi 273 chini ya sifuri. Kinachotakiwa ni gesi iliyo baridi kuliko hiyo hewa, na joto litahamia kwenye gesi lenyewe.

Ichukulie kama kuteka maji kisimani. Hita ya kawaida inayatengeneza maji kutoka mwanzo, pampu inayateka yaliyoko. Kuteka ni rahisi kuliko kutengeneza, kwa hiyo kwa uniti moja ya umeme unaweza kupata uniti mbili za joto, hata tatu. Lakini urefu wa kamba ni tofauti kati ya joto la nje na la ndani. Nje pakiwa na nyuzi 7, kisima ni kifupi na ndoo zinakuja mbiombio. Nje pakiwa na nyuzi 20 chini ya sifuri, kamba imekuwa ndefu, na kuna jambo la pili ambalo wauzaji hawalisemi: ndoo nayo inatoka nusu. Gesi inayotumika kwenye magari mengi, R1234yf, huchemka karibu nyuzi 30 chini ya sifuri kwenye presha ya kawaida ya hewa, na ile ya zamani, R134a, huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Baridi ikikaribia hapo, gesi inayorudi kwenye kompresa inakuwa nyepesi, na kila mzunguko kompresa inabeba gesi kidogo. Yaani joto linakuwa ghali zaidi kulivuta, na wakati huohuo linakuwa kidogo, saa ileile unapolihitaji zaidi.

Kwa hiyo kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri pampu nyingi zinakupa uniti moja na kidogo kwa kila uniti, karibu sawa na hita. Magari mengi yenye pampu hubeba pia hita ya kawaida ya kusaidia. Tesla wao waliondoa ile hita kubwa, na baridi ikizidi kompresa hufanyishwa kazi kwa namna ya kupoteza umeme makusudi ili itoe joto lake yenyewe. Ni ubunifu ninaouheshimu, lakini ukiutazama kwa jicho la betri, saa hiyo hilo gari nalo linaendesha pasi.

Kuna siku za Winnipeg, ninakoishi, saa saba hivi za barabarani kaskazini mwa kwako, ambapo naliona hili kwa macho. Jioni moja ya Machi, nyuzi 2 tu chini ya sifuri, ukungu umetanda, gari lilikuwa kwenye chaja karibu na duka la vyakula na moshi mweupe ukaanza kutoka mbele, chini ya boneti. Bwana mmoja akakimbia akipiga kelele kwamba linaungua. Niliinama nikaangaza tochi kwenye ile rejeta ya mbele: ilikuwa imefunikwa barafu nyeupe kama ile ya friza ya zamani isiyoyeyushwa miezi mitatu, na maji yalikuwa yanadondoka. Gari lilikuwa linajiyeyusha. Pampu inapovuta joto kwenye hewa yenye unyevu, unyevu ule unaganda kwenye rejeta na kuziba njia ya hewa, kwa hiyo kila baada ya muda gari linageuza mzunguko, linarudisha joto mbele kuyeyusha barafu, na mvuke unapanda. Dakika hizo pampu inatumia umeme bila kukupa joto la maana. Barafu hiyo husumbua zaidi karibu na sifuri, kwenye hewa ya mvua na ukungu, kuliko kwenye baridi kali na kavu.

Sasa tuje kwenye lile ambalo naona ndilo linaloamua swali lako. Umeme wa kusukuma gari unalipiwa kwa kilomita. Umeme wa joto unalipiwa kwa saa. Hita haijui kama unakwenda mbio au umesimama kwenye taa nyekundu. Inajua tu kwamba umekaa ndani na nje ni baridi.

Chukua barabara kuu, mwendo wa kilomita 100 kwa saa. Gari la ukubwa huo litatumia kama uniti 17 kwa saa hiyo, na hita ikiongeza 3 umezidisha asilimia 18 hivi. Sasa chukua foleni ya mjini, kilomita 30 kwa saa nzima. Kusukuma gari kumekula uniti 4 na ushee, hita imekula 3 zilezile. Matumizi yako yamepanda kwa zaidi ya asilimia 70 na hujafika mbali. Hapo ndipo zinapotoka zile habari za kutisha za gari la umeme kupoteza nusu ya umbali wake wakati wa baridi. Mwaka 2019 AAA, chama cha wenye magari cha Marekani, kilipima magari matano ya umeme kwenye maabara kwa baridi ya karibu nyuzi 7 chini ya sifuri. Hita ikiwa imezimwa, umbali ulipungua kwa wastani wa asilimia 12. Ilipowashwa, asilimia 41. Baridi yenyewe ilichukua kidogo. Kilichochukua kingi ni kumpasha moto mtu aliyekaa ndani.

Tuweke safari yako kwenye mizani. Usiku wa kawaida wa Januari pale Minneapolis joto hushuka mpaka nyuzi 13 chini ya sifuri. Unaingia gari limepoa, hita inafanya kazi kwa nguvu, tuseme kilowati 6 kwa dakika 10 za kwanza: hiyo ni uniti moja. Viti, vioo na dashibodi vikishapata joto inapungua mpaka kilowati 2.5 hivi, na kwa dakika 25 zilizobaki ni uniti nyingine moja. Kwa hiyo uniti 2 kwenda na 2 kurudi. Pampu ya joto kwenye baridi hiyo, nikiipa uniti 1.6 za joto kwa kila uniti ya umeme, na hapo nimeipendelea kidogo, ingekula uniti 1.25 kwa kila safari. Umeokoa robo tatu ya uniti kwenda, robo tatu kurudi. Uniti moja na nusu kwa zamu.

Miezi mitano ya baridi, zamu nne kwa wiki, ni kama zamu 85. Uniti 127. Kwa senti 15, ni dola 19 kwa msimu mzima. Hata kama nimekosea mara tatu nzima, ni dola 57. Dola 2,400 hazitarudi kwa njia hiyo maishani mwa gari, wala maishani mwa mtoto wako mdogo.

Utaniambia, hela si hoja, hoja ni nisikwame njiani kwenda Chicago. Ni hofu ya haki, una watoto. Haya, tupige hiyo nayo. Umbali ni kama kilomita 650. Tuchukulie betri inakupa uniti 60 za kutumia, unakwenda kilomita 110 kwa saa, na kwa hewa nzito ya baridi na matairi ya theluji gari linakula uniti 22 kwa saa. Hewa ya nyuzi 10 chini ya sifuri ni nzito kwa asilimia 11 hivi kuliko ya nyuzi 20, na gari linalazimika kuipasua yote. Pampu ya joto haina msaada hapo. Ukiwa na hita ya kawaida inayokula 3, jumla 25, utakwenda kilomita 264. Ukiwa na pampu inayokula 1.8, utakwenda kilomita 277. Tofauti ni kilomita 13. Kwa magari yanayoweza pia kuvuta joto la mota na betri na kulileta ndani itaongezeka kidogo, lakini bado utasimama kuchaji mara zilezile, pengine kwenye kituo kilekile.

Watu wengi hudhani pampu ya joto ni kwa ajili ya safari ndefu. Hesabu inasema kinyume. Rudia hiyohiyo kwa dereva wa teksi anayezunguka mjini kilomita 30 kwa saa, gari likila uniti 5 kwa mwendo: mwenye hita atapata kilomita 225, mwenye pampu 265. Tofauti ni kilomita 40. Huyo anakaa ndani saa nane, mlango unafunguliwa kila dakika kumi, na anachaji kwenye vituo vya kulipia ambako uniti yaweza kuwa senti 45. Akiokoa uniti 10 kwa siku, ni dola 4.50 kila siku ya baridi. Kama mume wako anafikiria kulitumia gari hilo kwa teksi za simu au kusambaza chakula, basi futa jibu langu la mwanzo, chukua ya 2021. Na kama ungekuwa unaishi London au Seattle, ambako majira yote ya baridi yanachezea kati ya nyuzi 0 na 10 juu ya sifuri, kisima kifupi muda wote, ningekuambia pia uiangalie kwa jicho jingine.

Kuhusu Chicago kuna jambo la kulishika kuliko pampu. Januari 2024, baridi kali ilipoikamata ile miji, magari ya umeme yalijipanga foleni kwenye vituo vya kuchaji na mengine yakakwama palepale. Betri iliyoganda haikubali chaji ya haraka. Ukiilazimisha, lithiamu, yaani madini yanayobeba umeme ndani ya betri, hujipaka juu ya ncha badala ya kuingia ndani yake, betri inaharibika, kwa hiyo kompyuta ya gari huubana umeme mpaka betri ipate joto. Pakiti ya betri ya kilo 400 inahitaji uniti 3 na nusu hivi kuitoa nyuzi 10 chini ya sifuri mpaka 20 juu yake. Model 3 ya 2020 hufanya kazi hiyo kwa kupitisha umeme kwenye mota kwa namna ya kutoa joto badala ya msukumo, na inaifanya vizuri, ila lazima ujue kuiomba: andika jina la kituo cha kuchaji kwenye ramani ya gari kama ndiko unakokwenda, mapema, si ukiwa umebakiza kona moja. Gari litaanza kupasha betri njiani. Usilale hotelini na betri ya asilimia 15 ukitegemea kuchaji asubuhi. Chaji usiku unapofika, betri ikiwa bado ya moto kutokana na safari.

Turudi gerejini kwako, maana hapa ndipo kuna tatizo la kweli ambalo muuzaji hakuligusa. Soketi ya volti 120 inatoa kilowati 1.4. Ukirudi zamu saa mbili asubuhi na kuondoka saa kumi na mbili jioni, ni uniti 14, na kwa hasara za kuchaji, zitakazoingia kwenye betri ni 11 au 12. Zamu yako itakula karibu 10 kwa mwendo na 4 kwa joto. Unaona? Kila zamu unabaki na deni la uniti mbili au tatu. Siku zako za mapumziko zitalilipa, kwa hiyo hutakwama, lakini zamu nne zikifuatana kwenye wiki ya baridi kali, na soketi hiyo ikilazimika kwanza kuipasha betri kabla ya kuichaji, utaanza kuhesabu asilimia badala ya kulala.

Laini ya volti 240 yenye ampea 32 inatoa kilowati 7 na zaidi. Hiyo inatosha kubeba hita nzima ikiwa kwenye nguvu zake zote. Ukiweka kwenye simu kwamba unaondoka saa kumi na mbili jioni, gari litapasha viti, vioo na betri kwa umeme wa ukutani, na utatoka gerejini na betri iliyojaa ndani ya gari lenye joto. Ile uniti moja ya dakika 10 za kwanza imelipwa na nyumba. Pampu ingekuokolea robo tatu ya uniti kwa safari ya kwenda. Waya wa ukutani umekuokolea nzima. Kama boksi la umeme liko karibu na gereji, kazi hiyo mara nyingi haifiki nusu ya hizo dola 2,400. Tafuta fundi mwenye leseni, tafadhali, na umwambie ni kwa ajili ya gari, maana ampea 32 kwa saa nyingi mfululizo si sawa na oveni inayowaka nusu saa.

Safari ya kurudi ndiyo itakuwa ngumu, sitakuficha. Gari limelala saa 12 kwenye upepo. Utaona alama ya theluji ya bluu kwenye skrini, maana yake betri imepoa na haitatoa nguvu zake zote. Ukiondoa mguu kwenye pedeli gari halitajizuia kama kawaida, kwa sababu betri iliyoganda haitaki kurudishiwa umeme, kwa hiyo zoea kukanyaga breki. Washa hita kwa simu dakika 10 kabla zamu haijaisha. Utatumia uniti moja ya betri lakini kioo kitakuwa safi. Kisha utakapokuwa barabarani shusha joto la ndani mpaka nyuzi 18 na uwashe kiti. Kiti hakifiki hata wati 100, na mtu aliyepashwa mgongo na mapaja hahitaji hewa ya nyuzi 23. Usiizungushe hewa ya ndani muda wote kwa kuogopa gharama. Pumzi za watu wanne zitaganda kwenye kioo na hutaona mbele.

Ukiamua kuchukua ya 2021 hata hivyo, na sababu zipo, kwa mfano betri yake kuwa na afya zaidi, basi hakikisha ndiyo kweli. Mabadiliko yaliingia kwenye magari yaliyotengenezwa mwishoni mwa 2020, na watu huchanganya mwaka wa kuuzwa na mwaka wa kutengenezwa. Soma namba ya chasi: herufi ya 10 ikiwa L ni ya mwaka wa 2020, ikiwa M ni ya 2021. Fungua mlango wa dereva uangalie kibandiko kwenye nguzo, kina mwezi na mwaka. Mapambo ya kuzunguka vioo kwenye zile mpya ni meusi, za zamani yanang'aa, lakini usiyaamini peke yake kwa sababu wapo wanaoyafunika kwa plastiki nyeusi. Muulize pia kama programu ya gari imesasishwa: mwanzoni mwa 2022 Tesla iliyaita magari zaidi ya 26,000 huko Marekani kwa sababu vali moja ya pampu iliweza kufunguka pasipotakiwa na kunasa gesi, na kioo cha mbele kikakosa joto la kuondoa ukungu. Dawa ilikuja kwa programu tu, lakini gari lililokaa bila intaneti laweza kuwa halijaipata.

Hapo pia pana jambo la ufundi. Hita ya kawaida ni kitu kimoja na feni yake. Ikifa, inabadilishwa. Pampu ya joto ina vali nyingi, mabomba, sensa na gesi, na gesi ikivuja unapoteza baridi ya Julai na joto la Januari kwa mpigo. Sisemi zinaharibika ovyo. Nasema tu kwamba gari likishamaliza waranti, ndani ya boneti kuna vitu vingi zaidi vinavyoweza kunileta kwako.

Siku ya kwenda kulijaribu hilo la 2020, mwombe muuzaji aliache nje usiku na asiliwashe mpaka ufike. Ingia, weka nyuzi 22, kaa kimya na saa mkononi. Ndani ya dakika tatu au nne unatakiwa kusikia hewa ya moto hasa usoni na miguuni, upande wa dereva na wa abiria sawasawa. Upande mmoja ukibaki vuguvugu, hita imeanza kufa upande huo, na hapo una la kuongea naye kuhusu bei. Kisha lichaji mpaka juu uangalie linasema litakwenda kilomita ngapi, ulinganishe na lile la 2021. Kati ya magari mawili ya mtumba, tofauti ya afya ya betri inaweza kuzidi kwa mbali zile kilomita 13 za pampu.

Mdogo wako wa Nairobi asisumbuke. Leaf ilipata pampu ya joto kwenye mabadiliko ya mwishoni mwa 2012, ikiwa kati ya magari ya kwanza kabisa ya umeme kuuzwa nayo, lakini si kila toleo lilipewa. Asubuhi ya Julai pale Nairobi ni nyuzi 10 au 12 juu ya sifuri, baridi ya sweta. Pampu ingefanya kazi yake vizuri mno huko, ila kazi yenyewe ni ndogo, ya robo saa, na kiti cha moto kinaimaliza. Kiyoyozi cha kupoza kipo kwenye zote. Yeye aangalie betri, kwani ya Leaf za vizazi viwili vya kwanza haina maji ya kuipoza na joto la miaka mingi huichosha. Kwenye dashibodi kuna mistari 12 midogo ya afya ya betri, tofauti na ile ya chaji, na awaombe wauzaji picha yake gari likiwa limewashwa. Akumbuke Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8 tangu liandikishwe mara ya kwanza, na kwamba tundu la chaji ya haraka la Leaf za Japani ni CHAdeMO, kwa hiyo kabla ya kutuma hela aulize ni kituo gani karibu na kwake chenye waya huo.